Upande wa Magharibi wa Kiwanja

Singida Mjini
4 Februari 2024

Mjomba Rahimu,

Assalamu aleikum, na shikamoo. Huku tunaendelea vizuri. Goti la mama bado linamsumbua, mvua ikikaribia linamwambia kabla ya redio, lakini dukani anakwenda kila siku, anapima mafuta ya alizeti na kugombana na wenye madebe yaliyobonyea. Kaka Ahmadi kule Arusha amepata mtoto wa kike. Wamempa jina la bibi, Mwantum. Mama alipopigiwa simu kuambiwa, alikwenda kukaa uani peke yake.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikupigia nikapayuka mpaka wateja wa studio wakageuka, na wewe ulikuwa unasema nisinong'one. Sikukasirika, mjomba, masikio ni ya Mungu. Ila nina shida ambayo katika ukoo wetu ni wewe tu unayeweza kunisaidia.

Bado niko kwa Anselm, kwenye studio ile ya karibu na soko. Kazi yangu ni picha za paspoti. Kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Kutwa nzima ukuta uleule wa bluu. Yaani nimechoka mpaka miguu inaniwasha, mtu anakaa kwenye stuli na mimi nawaza barabara. Jumapili Anselm ananiachia kamera, basi natoka napiga picha za mandhari: ziwa, mawe, mawingu. Kwa macho naona ni uzuri mtupu. Nikishazisafisha zinakuwa kama kalenda ya bure ya duka la mbolea.

Nimeweka humu chache za Ziwa Singidani. Niambie ukweli, wewe umepiga picha maisha yako yote. Mama nilimwambia nakuandikia. Hakutuma salamu, ila hakunikataza.

Mpwa wako,
Swaumu


Songea
26 Februari 2024

Mpwa wangu Swaumu,

Waaleikum salaam, marahaba. Mwantum mdogo Mungu amkuze, na asirithi ukali wa mwenye jina. Mimi nipo, nakula, nalala kidogo. Kijana wa ofisi ya basi aliniletea bahasha yako mkononi, nikazitandika picha zote kwenye meza ya chakula na kula nimesimama.

Sasa nikuambie, na usilie. Picha zako ni mbaya. Siyo mbaya za mtu asiyejua kamera, ni mbaya za mtu mwenye haraka. Umesimama barabarani, ukainua kamera usawa wa macho, ukabonyeza, ukaondoka. Hivyo ndivyo abiria wa basi anavyoliona ziwa. Mstari wa maji na mbingu umeupitisha katikati, picha imekatwa vipande viwili sawasawa kama mkate, na mimi sijui nile kipi. Amua. Kama mbingu ina maneno, ipe mbingu sehemu kubwa. Kama haina, ibane juu na utuonyeshe nchi.

Ukifika mahali, kamera ikae kwenye begi kwanza. Zunguka. Kaa chini. Tafuta kitu cha karibu na miguu yako, jiwe, nyasi, hata ndala iliyotupwa, jicho lipate pa kukanyaga kabla halijasafiri kwenda mbali. Piga magoti, gauni linafuliwa. Saa sita mchana tafuta pa kulala, nchi haina sura saa sita. Njoo jua likiwa chini, asubuhi au jioni, hapo kila tuta na kila shimo lina kivuli chake na ardhi inaonekana ilivyo. Upepo wa kwetu naujua, stendi ya kamera ining'inizie mfuko wa mawe katikati isitikisike. Na nguzo ya umeme au takataka ikikuharibia picha, usimlaumu Mungu. Sogea, inama, geuka, iache nje. Nusu ya kazi yetu ni kuchagua cha kuacha nje.

Ziwa hilo kila mtu analo. Nenda Kinyangiri. Kile kiwanja cha bibi yako nilichoachiwa, upande wa magharibi kuna lile jiwe refu kuliko nyumba, ambalo bibi yako alikuwa anaanika uwele kwenye bega lake. Ulikuwa mdogo, lakini jiwe lile halisahauliki. Nataka kurudi nyumbani, Swaumu. Kabla ya mvua za mwaka huu nijenge chumba na sebule, mgongo wa nyumba ukiegemea jiwe. Kuanzia alasiri jiwe linanipa kivuli, na mvua ikinyesha maji yanateremka yenyewe, nitaweka simtanki chini yake nisimwombe mtu ndoo. Nipigie kiwanja pande zote, nikae nacho hapa nikipange. Jirani ni Festo. Mwambie umetumwa na Rahimu.

Usinitumie picha za kwenye simu. Simu yangu ni ya vitufe, na hata ingekuwa ya kioo, hiyo ni kuchungulia harusi kwenye tundu la ufunguo. Safisha.

Mjomba wako,
Rahimu


Singida Mjini
19 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo, na mfungo mwema. Hapa tumefunga wote isipokuwa wenye udhuru, na mama ana udhuru wa dawa za goti lakini hataki kusikia. Watoto wa jirani wanapigia debe muhogo wa kufuturu mpaka msikitini.

Nilicheka kwenye mkate, halafu nikanuna siku mbili, halafu nikaenda Kinyangiri. Nilishuka Iguguno nikachukua bodaboda. Festo anakusalimu sana. Amezeeka, lakini anakukumbuka ulivyoanguka kwenye birika la ng'ombe. Mkewe Raheli alijua nimefunga, akanifungia viazi vya kufuturia njiani.

Kamera niliiacha kwenye begi kama ulivyosema. Nilizunguka, nikapiga magoti, nikachomwa miiba. Na kweli mjomba, nilipoishusha kamera usawa wa nyasi niliona nchi nyingine kabisa. Nimekuwekea picha za bonde, za zizi la Festo, na za shamba lake la alizeti ambalo limechanua lote. Zitazame, uniambie kama bado ni za abiria wa basi.

Jiwe sikulipiga. Nilifika mchana umekwenda, na jua lilikuwa upande ule linaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Unisamehe.

Mama aliuliza umeandika nini. Nilimwambia unataka kurudi kujenga. Alifunika mizani kwa kanga, akaenda kuswali, wakati alikuwa ameshaswali. Mjomba, ni kweli unarudi, au ni maneno ya mtu aliyekaa mbali muda mrefu? Usinione mkosefu wa adabu. Nauliza kwa sababu nataka kujua nijiandae vipi.

Swaumu


Njombe
15 Aprili 2024

Swaumu,

Idd Mubarak ya kuchelewa. Usishangae kuona Njombe. Nimekuja kwa rafiki, nitakaa kidogo. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, nimevaa makoti mawili na bado natembea chumbani huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Barua yako ilinifuata kutoka Songea, kijana wa ofisi ya basi ni mtu mwema.

Umeanza kuona. Picha ya bonde ile yenye kichuguu mbele na njia ya ng'ombe ikienda mpaka mwisho, hiyo siyo ya abiria. Nimeibandika ukutani kwa watu. Zizi umelipiga vizuri ila umekata kichwa cha mti.

Lakini hebu nieleze alizeti. Shamba zima limechanua, na wewe umenipigia visogo. Alizeti ikishakomaa inatazama mashariki, kila mtoto wa Singida anajua. Ukitaka nyuso zake, unavuka shamba, unasimama upande wa mashariki, unageukia magharibi. Wewe umesimama kiwanjani kwetu ukazipiga mgongoni kama mtu anayewavizia watu. Kwa nini? Ungevuka, ungepata maua mbele na jiwe nyuma yake, picha ya kuweka mezani kwa mkuu wa mkoa.

Rudi tena. Jiwe lipige asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, lilivike dhahabu. Kisha usiondoke. Shinda hapo, kula kwa Festo, ungoje jioni uligeukie bonde. Mwanga wa jioni ukilala chini unaonyesha kila kitu. Subira ndiyo inayokupungukia, na mimi pia, lakini mimi ni mzee.

Unauliza kama ni kweli narudi. Ni kweli. Nijibu kwa jina langu, ofisi ya basi, stendi ya Iringa.

Rahimu


Singida Mjini
27 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimechelewa na sina uso. Mvua ilikata njia, halafu Anselm akapata harusi mfululizo, nikawa nabeba taa. Mama mzima. Mtoto Mwantum ameletwa kutusalimu, mama hataki mtu mwingine ambebe.

Nilikwenda tena Kinyangiri. Nilifika asubuhi, nikashinda pale kama ulivyosema. Nilikula ugali wa mtama kwa Raheli. Jioni nilisimamisha stendi, nikaning'iniza mfuko wa mawe, nikasubiri mpaka Festo akaja kuuliza kama nimeumwa na nyoka. Kisha mwanga ukalala. Sijui nikuelezeje. Bonde zima lilifunguka, kila mfereji, kila kichaka kikawa na mwenzake wa kivuli, alizeti zimeshainamisha vichwa zinangoja kuvunwa, ng'ombe wanarudi na vumbi lao limewaka. Nilibonyeza. Anselm alipoiona ikitoka kwenye mashine aliita mteja aje atazame. Ameniuliza kama tunaweza kuitundika dirishani badala ya bibi harusi.

Jiwe, mjomba, betri iliisha.

Kwa nini Iringa? Nilipiga simu ya studio yako Songea kuuliza, wanasema namba haitumiki. Uko salama?

Swaumu


Iringa
20 Juni 2024

Swaumu,

Idd el-Hajj imenikuta hapa, nimekula nyama kwa watu nisiowajua, Mungu awalipe. Mama yako msalimie, kama atapokea.

Picha yako ya jioni nimekaa nayo. Nimeitoa bahashani, nimeirudisha, nimetoka nje, nimerudi kuitoa. Nikuambie wazi ili usije ukasema mjomba hakusema: ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupiga mimi. Mimi nilipiga maharusi na mahafali, nchi niliipiga nikipata nafasi. Wewe una jicho. Ukiendelea kukaa kwa Anselm na ukuta wa bluu utakuwa umejidhulumu.

Sasa kaa chini usome.

Nilipokuwa mdogo, mimi na mama yako tulikuwa tunapelekwa kuteka maji jioni. Hatukuwa na saa. Tulikuwa tunatazama kivuli cha jiwe. Kikishuka kiwanjani, kikavuka njia, kikafika mlango wa zizi la kina Festo, tulichukua ndoo. Mama yako alikuwa anakimbia kukanyaga ncha yake. Zizi halijahama, naliona kwenye picha yako, palepale. Jua limelala kama lilivyokuwa linalala. Kivuli chako wewe kipo mbele, kirefu, na stendi yako ya miguu mitatu. Kivuli cha mti wa Festo kipo. Na mlango wa zizi umejaa jua.

Betri haziishi kwa kuchagua upande, Swaumu. Mara ya kwanza jua liliingia kwenye lenzi. Mara ya pili betri. Na alizeti ukazipiga visogo kwa sababu ungevuka shamba ningeona nyuma yake. Nilikufundisha kuacha nje kinachoharibu picha, na wewe ukaja kunifanyia mimi.

Jiwe liko wapi?

Rahimu


Singida Mjini
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza nikachana, nikaianza tena. Upepo wa mwezi huu unapiga mabati usiku na mchana, na mimi sijatulia tangu barua yako ifike. Habari za nyumbani ni nzuri, nitaziandika siku nyingine.

Jiwe halipo. Limevunjwa kokoto.

Ilikuwa mwaka uleule wa msiba wa bibi. Watu wa kokoto walikuja dukani kumwomba mama, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na kiwanja. Festo alimwambia angoje akuulize wewe, kwa sababu kiwanja bibi alikutamkia wewe. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye gunia la mashudu, nilisikia. Mama alisema, "Mwenye jiwe haji. Hata mama yake kumzika hakuja. Waacheni wavunje." Wakaanza kuchoma matairi juu yake lipasuke. Walivunja misimu kadhaa, wanaume kwa nyundo kubwa na wanawake kwa ndogo, mpaka wakaingia chini ya ardhi. Sasa ni shimo. Masika linajaa maji, mbuzi wa Festo wananywa.

Ulipoandika unataka kuegemeza nyumba kwenye jiwe, nilimpelekea mama barua nikamwuliza nifanye nini. Akasema nikikuambia, niandike na kwaheri yake humohumo, maana hutamtazama tena. Lakini mjomba, siwezi kumtupia yeye yote. Niligeuza kamera mimi. Niliogopa ukijua hutakuja tena maisha yako yote. Na niliogopa utaacha kuniandikia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia picha zangu ni mbaya akitaka ziwe nzuri.

Ile picha ya jioni Anselm ameitundika dirishani. Kila nikipita naangalia ule mlango wa zizi. Nimemwomba aitoe.

Swaumu


Manyoni
25 Agosti 2024

Swaumu,

Nimesoma. Nimekuwa nikihama, ndiyo maana kimya.

Nenda usimame palepale uliposimama, upageukie ulipokuwa unapageuzia mgongo, upige magharibi. Usichague saa. Usisogee ili ipendeze. Usiache kitu nje. Niletee hapa Manyoni, ofisi ya basi, kwa jina langu.

Rahimu


Singida Mjini
8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema, picha iko humu peke yake. Ilikuwa mchana wa jua kali, upepo ulikuwa unainua vumbi la mawe, na stendi nilisahau kuining'inizia mfuko. Ni mbaya kuliko zile za ziwa. Nilipoona shimo kwenye kioo cha kamera nilianza kulia, nikabonyeza hivyohivyo.

Uko Manyoni. Mjomba, kutoka hapo kuja kwetu mtu anapanda basi baada ya chai, chakula cha mchana anakula nyumbani. Unangoja nini? Nilitaka kupanda basi nikufuate, nikaogopa utakuwa umeshahama.

Safari hii nilimsomea mama barua zote, zako na nilizokumbuka za kwangu. Nilisoma dukani, mlango umefungwa, watu wanagonga wakitaka mafuta. Nilipofika kwenye kivuli na ndoo alinishika mkono nisome tena. Nilipotaja Manyoni akasema hapo ndipo ulipogeuzia njia mara ile ya msiba. Anajua. Siku ya pili ya msiba kuna mtu alikuona stendi ya Manyoni na begi, akaleta habari, wakakuwekea chakula. Mama alimngojea kaka yake barazani mpaka matanga yakaanuliwa, na wewe ulikuwa umesharudi Songea. Sijui kwa nini uligeuka, naye hajui. Kuzika hukuwahi, hilo anakubali, njia ni ndefu na maiti haingoji. Kinachomuuma ni kwamba ulikuwa umekaribia.

Halafu akaniuliza, "Ameandika nini kuhusu mimi?" Nikasema hujaandika kitu kuhusu jiwe na yeye, umeomba picha tu. Hapo ndipo alipolia. Afadhali ungemtukana, mjomba. Tangu siku hiyo anafungua duka, anafunga, anafungua. Hata mimi nimeomba ruhusa kwa Anselm, siwezi kumwambia mtu ainue kidevu wakati mwenyewe sijui nitazame wapi.

Njoo, au sema huji. Lolote kati ya hayo tutalibeba.

Swaumu


Kinyangiri
24 Septemba 2024

Swaumu mwanangu,

Marahaba. Niko kwa Festo. Raheli amenipa chumba cha mtoto wao aliyeolewa, na wote wawili wanaongea nami kwa kupiga kelele mpaka mbwa wanabweka, nawaambia wapunguze, wananiitikia kwa kelele. Nimekula mlenda uliotengenezwa na mtu anayeujua. Barua hii ataileta Festo mwenyewe, anakuja mjini kuuza mbuzi.

Picha yako ya shimo ni mbovu. Upeo umelala upande, umetikisika, na kidole chako kimeingia kwenye kona. Ndiyo picha yako ya kwanza niliyoiamini bila kuikagua. Nilikaa nayo Manyoni, chumba cha gesti, mabasi ya Singida yakipita nikiyahesabu, na kila asubuhi nilifunga begi na kila jioni nikalifungua. Kuhusu mara ile ya msiba sitaandika. Nimejaribu.

Nimefika, nimesimama uliposimama, na picha mkononi. Hukuacha kitu nje. Nilitukana, Swaumu, nilitukana kwa sauti kiasi kwamba Festo, mzee wa kanisa, alivua kofia. Kisha nikashuka shimoni. Alama za nyundo bado zipo ukutani. Alasiri jua lilinifuata kiwanja kizima, hakuna pa kujificha. Festo anasema nijenge kule chini karibu na kwake. Nimekubali, nimekataa, nimekubali, na leo asubuhi nimekataa tena.

Ulinipigia simu Songea wakasema namba haitumiki. Studio nilifunga kabla hujaniandikia barua yako ya kwanza. Kamera niliuza, na vitu vya nyumbani. Masikio yalipokwisha wateja walikwisha pia, mtu hataki kumrudia mpiga picha neno. Ulipoandika kuhusu picha za ziwa nilikuwa nimekaa kwenye chumba kitupu na meza moja. Sina pa kurudi. Ni hapa, na hapa hakuna kitu.

Sasa mama yako. Nimemkasirikia, mwambie, usipunguze hata neno. Lile jiwe lilikuwa la mama yetu kabla halijawa langu. Yeye naye ana lake kubwa juu yangu, na ana haki nalo, na siwezi kulijibu kwenye karatasi. Kwa hiyo asinitumie salamu kupitia kwako, na asinisamehe kwa barua. Mpandishe gari, yeye na goti lake. Aje asimame hapa kando ya shimo aniseme yote, kuanzia msiba mpaka leo. Mimi sitasikia, lakini uso wa mama yako, Zabibu, nausoma tangu ananyonya, hakuna neno litakalonipita.

Kamera iache kwa Anselm siku hiyo. Akishamaliza kunisema, mdogo wangu atanionyesha pa kujenga, na hapo anaponyooshea kidole yeye ndipo nitakapojenga.

Mjomba wako,
Rahimu